Kusoma kwa Sikio: Mapokezi ya Matini ya Kiswahili cha Katanga, kutoka Elisabethville hadi Kasulo

Utangulizi

Mtaa wa Kasulo uko katika mji wa Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hadi mwaka 2014 ulikuwa mtaa wa makazi kama mitaa mingine ya mji huo wa migodi. Mwaka huo mwenyeji mmoja, akichimba penye makazi yake, alikuta heterojeniti, yaani mawe yenye kobalti. Haukupita muda mrefu, mashimo yakawa yamechimbwa nyuani na hata chini ya sakafu za nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilibomolewa na kuzungushiwa ukuta ili uchimbaji uendeshwe humo kwa utaratibu maalumu.

Tangu hapo Kasulo imeandikwa sana. Januari 2016 mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yalitoa ripoti kuhusu kobalti ya Kongo. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba miili ya wakazi wa Kasulo, hasa watoto, ilikuwa na kobalti nyingi kuliko miili ya watu wa eneo walilolinganishwa nalo. Maandishi hayo yametolewa kwa Kiingereza na Kifaransa. Lugha ya uani, sokoni na shimoni huko Kasulo ni Kiswahili.

Hali hiyo inazua swali ambalo taaluma ya fasihi ya Kiswahili haijalijadili vya kutosha: matini kuhusu watu wa migodi huandikwa kwa ajili ya msomaji gani, na msomaji huyo huipokeaje? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejea matini moja ya Katanga ambayo historia ya usomaji wake inajulikana vizuri: Vocabulaire de ville de Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965.

Matini na wasomaji wake wa kwanza

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, na ulibadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966. Kwa hiyo matini ya Yav ilitoka jina la kikoloni likiwa bado linatumika, miaka miwili tu baada ya kumalizika kujitenga kwa Katanga kulikodumu tangu 1960 hadi 1963. Iliandaliwa kwa ajili ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, wale walioitwa maboi. Haikupitia kiwandani kwa mchapishaji. Ilipigwa taipu na kurudufiwa. Inasimulia kuja kwa Wazungu, kujengwa kwa mji na maisha ya kazi, kama yalivyoonekana na mtu aliyesimama jikoni na mezani kwa bwana.

Jina la matini lenyewe linastahili kuangaliwa. Neno vocabulaire ni la Kifaransa, na maana yake ni orodha ya maneno. Katika enzi ya ukoloni vilitolewa vitabu vidogo vya namna hiyo ili Wazungu wapate Kiswahili cha kuwaagizia watumishi na vibarua. Yav alichukua jina la chombo cha kuamrisha akaandika ndani yake historia ya walioamrishwa. Msomaji aliyewahi kutumwa kwa maneno ya vitabu hivyo hakuhitaji kufafanuliwa kinaya hicho.

Jambo la msingi ni kwamba matini hii ilikuwa na wasomaji kabla ya kuwa na wataalamu. Wasomaji hao walikuwa watu wa chama, waliokuwa wanayajua mambo yaliyotajwa na waliokuwa na uwezo wa kujazia kila lililodokezwa kwa neno moja.

Msomaji wa macho na msomaji wa sauti

Nakala moja ilimfikia mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, na kupitia kwake ikamfikia mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Fabian hakuwa mgeni wa lugha hiyo. Mwaka 1966 na 1967 alikuwa amefanya utafiti Katanga, Kolwezi ikiwamo, kuhusu Jamaa, harakati ya Kikatoliki iliyotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels miongoni mwa wafanyakazi wa migodi. Hata hivyo, matini ya Yav ilimshinda alipoisoma kimyakimya. Tahajia yake haishiki kanuni moja. Mipaka ya maneno na ya sentensi haitabiriki. Maneno ya Kifaransa yameandikwa jinsi yanavyosikika.

Ufumbuzi ulipatikana kwa sauti. Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili cha Katanga, aliisoma matini yote kwa sauti, na usomaji wake ukanakiliwa upya. Palipoonekana kuwa na vurugu ya herufi pakatokea sentensi; palipoonekana kuwa na marudio ya bure pakatokea mapigo ya msimulizi. Mwaka 1990 kazi hiyo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ufafanuzi wa Fabian na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Nadharia ya upokezi, iliyoendelezwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser huko Konstanz, Ujerumani, tangu miaka ya 1960, hufundisha kwamba msomaji huiendea matini akiwa na matarajio yake, na kwamba maana huzaliwa pale matarajio hayo yanapokutana na maandishi. Kisa hiki kinaithibitisha nadharia hiyo na kuiongezea jambo. Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu hutarajia wa- na kukuta ba-, kama katika batoto na bazungu. Hutarajia vitu na kukuta bintu. Kwake hayo ni makosa. Lakini Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwamo. Kumhukumu Yav kwa sheria za kamati hiyo ni kumhukumu mtu kwa sheria za nchi ambayo hakuwa raia wake.

Hapa panaweza kutolewa pingamizi. Asomaye kwa sauti huchagua: huamua sentensi ikomee wapi, neno gani litiliwe mkazo. Je, kinachopatikana si matini ya Kalundi Mango badala ya ile ya Yav? Pingamizi hilo lina uzito. Ndiyo maana toleo la 1990 halikuyaficha maandishi asilia nyuma ya usomaji wa sauti, bali liliviweka vyote mbele ya msomaji. Aidha, msomaji wa kimya naye huchagua, ila uchaguzi wake hausikiki.

Maandishi yanaposafiri

Mwanaisimu Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008, alichunguza maandishi mengine ya Katanga, yakiwamo maisha ya mtu mmoja aliyoyaandika kwa Kiswahili katika miaka ya 1990 na kuyapeleka Ubelgiji kwa mwajiri wake wa zamani. Hoja yake ni kwamba maandishi yaliyo na hadhi yalikotoka huweza kuipoteza yanapovuka mpaka, kwa kuwa msomaji mpya huona upungufu wa tahajia kabla ya kuona juhudi ya mwandishi.

Safari ya upande wa pili nayo ina matatizo yake. Kitabu cha Siddharth Kara, Cobalt Red, kilichotoka mwaka 2023 na kuieleza Kasulo pia, kilipata wasomaji wengi Marekani na Ulaya. Mwaka huohuo watafiti kadhaa, Wakongo wakiwamo, walikikosoa, hasa kwa jinsi kinavyowasawiri Wakongo. Inafaa kutambua kwamba ubishi huo ulifanyika kwa Kiingereza. Aliyesawiriwa hakuwa mshiriki.

Hitimisho

Maboi wa Elisabethville walikuwa na chama, mashine ya kurudufia na lugha yao. Wakajiandikia historia na kuisoma wenyewe. Miaka 25 baadaye taaluma iliwatambua, lakini kwa kitabu cha Kiingereza ambacho mwanachama wa kawaida asingeweza kukisoma. Wachimbaji wa Kasulo wanasimuliwa kila mwaka, na masimulizi hayo hayawarudii.

Idara za Kiswahili zina wajibu wa pande mbili. Kwanza, kuingiza matini za Katanga katika mitaala ya fasihi na historia, si kama mifano ya makosa ya sarufi bali kama kazi zenye watunzi na wasomaji, na kuwafundisha wanafunzi kuzisoma kwa sauti. Pili, kuhakikisha kwamba yanayogunduliwa kuhusu watu hao, kuanzia kobalti iliyomo miilini mwa watoto wao, yanaandikwa kwa Kiswahili wanachokisikia. Usanifu una kazi yake, nayo ni kuwaunganisha wengi; haukuwekwa ili umnyime mtu haki ya kuwa msomaji wa habari zake mwenyewe.