Triathloni: Jinsi mwanamichezo wa ridhaa anavyojiandaa baada ya msimu kumalizika

MCHEZO wa triathloni, ambao huunganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja lisilo na mapumziko, huamuliwa miezi mingi kabla ya siku ya mashindano yenyewe. Kwa mwanamichezo wa ridhaa, yaani yule anayefanya mazoezi kabla ya kwenda kazini au baada ya kutoka, kipindi kinachofuata mwisho wa msimu ndicho hujenga au kubomoa matumaini ya mwaka unaofuata. Wengi hukitumia vibaya. Kuna wanaolala kabisa hadi mwili ukasahau kazi, na kuna wasiopumzika hata siku moja hadi majeraha yakawalazimisha.

Chimbuko la mchezo

Triathloni ya kisasa ilianzia Mission Bay, jijini San Diego, Marekani, mwezi Septemba 1974. Miaka minne baadaye, Februari 1978, John Collins, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, pamoja na wenzake walianzisha shindano la Ironman katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Wanaume 15 walijitosa majini siku hiyo na 12 wakafika mwisho.

Mchezo huu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki jijini Sydney mwaka 2000. Masafa ya Olimpiki ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Ironman kamili ni kilomita 3.8, 180 na 42.2. Katikati yake kuna Ironman 70.3, ambayo ni kilomita 1.9, 90 na 21.1, jina hilo latokana na jumla ya maili za masafa hayo.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, masafa hayo ya kati yalisogea karibu Agosti 2022 wakati mji wa Rubavu, ulioko kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, ulipoandaa Ironman 70.3 kwa mara ya kwanza. Ziwa hilo liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi au Nakuru amekwisha kuizoea hewa ya aina hiyo, lakini anayetoka Mombasa au Malindi hana budi kuyatilia maanani mabadiliko hayo anapopanga ratiba yake.

Kupumzika ni sehemu ya mazoezi

Hatua ya kwanza baada ya shindano la mwisho ni mapumziko ya wiki mbili hadi nne. Katika siku hizo saa ya mazoezi huwekwa kando. Mwanamichezo anaweza kutembea, kucheza kandanda na watoto au kuendesha baiskeli polepole kwa kujifurahisha, bila kuhesabu kilomita.

Mapumziko haya yana sababu za kimwili. Moyo na mapafu huimarika upesi, ilhali kano na mifupa huchukua muda mrefu zaidi kupona na kukomaa. Mtu anaweza kujihisi ana nguvu za kukimbia kilomita 20 huku kano ya kisigino ikiwa bado imechoka. Ndiyo maana majeraha mengi huzuka wakati mwanamichezo anapoamini kuwa yuko imara kuliko wakati mwingine wowote.

Hata hivyo, mapumziko yasipitilize. Baada ya wiki kadhaa bila kazi yoyote, uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni huanza kupungua, na anayekaa miezi mitatu akistarehe hulazimika kuanza karibu upya.

Kipindi hiki pia ndicho cha kumwona daktari. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2017, na ambao ulichunguza mashindano ya triathloni ya nchi hiyo kuanzia mwaka 1985 hadi 2016, ulibainisha visa 135 vya vifo na vya moyo kusimama ghafla. Visa 90 kati ya hivyo vilitokea wakati wa kuogelea, na asilimia 85 ya waathiriwa walikuwa wanaume. Hatari hiyo ni ndogo, kwani ni takriban kisa kimoja au viwili kwa kila washiriki 100,000, lakini iliongezeka kadiri umri wa wanaume ulivyopanda. Kwa hivyo, mwanamume aliyepita umri wa miaka 40, na hasa mwenye jamaa waliougua moyo, hafai kurejea mazoezini kabla ya kupimwa shinikizo la damu na moyo. Maumivu ya kifua, kuzirai au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida ni dalili zisizopaswa kupuuzwa.

Kujenga msingi

Baada ya mapumziko huanza kipindi cha msingi, ambacho huchukua miezi mitatu hadi minne. Mafunzo yake yana historia ndefu. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwafanya wakimbiaji wake, hata wale wa mbio fupi za mita 800, wakimbie takriban kilomita 160 kwa wiki kabla ya kugusa mazoezi ya kasi. Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 wanafunzi wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walitwaa dhahabu katika mita 800 na mita 5,000.

Mwanamichezo wa ridhaa hawezi wala hapaswi kuiga kilomita hizo, lakini kanuni yenyewe inamfaa: uvumilivu hutangulia kasi. Sehemu kubwa ya mazoezi, takriban asilimia 80, hufanywa kwa mwendo mwepesi. Kipimo rahisi ni mazungumzo. Anayekimbia akiweza kutamka sentensi nzima bila kuhema, mwendo wake unafaa. Akishindwa, amekwenda kasi mno.

Wanaotumia kifaa cha kupima mpigo wa moyo wanaweza kufuata kanuni ya Phil Maffetone, ya kutoa umri kutoka 180. Mtu wa miaka 40 hujizuia asipite mipigo 140 kwa dakika. Mark Allen, aliyeshinda Ironman ya Hawaii mara sita kati ya 1989 na 1995, alifuata njia hiyo. Kanuni hii ni makadirio tu, na mipigo ya watu wa umri mmoja yaweza kutofautiana sana.

Muda wa mazoezi huongezwa kidogo kidogo kwa wiki tatu, kisha wiki ya nne hupunguzwa ili mwili upate kujijenga. Haba na haba hujaza kibaba.

Michezo mitatu, mahitaji matatu

Kuogelea ndiko huwasumbua wengi, hususan waliojifunza wakiwa watu wazima. Maji ni mazito kuliko hewa, hivyo mwogeleaji mwenye mtindo mbaya hupoteza nguvu nyingi hata akiwa na mapafu ya mwanariadha. Msimu wa mapumziko ndio wakati wa kurekebisha kasoro hizo, maana hakuna shindano linalokaribia. Vipindi vitatu vifupi kwa wiki katika kidimbwi vina faida kuliko kimoja kirefu. Mambo ya kusahihishwa ni kulaza mwili uelee sambamba na maji, kupumua bila kuinua kichwa na kuvuta maji kwa mkono wote hadi kwenye paja.

Kidimbwi pekee hakitoshi, kwa kuwa mashindano mengi hufanyika baharini au ziwani. Pwani ya Kenya, pepo za kaskazi za kati ya Desemba na Machi huacha bahari ikiwa tulivu zaidi, ilhali kusi, ambayo huanza takriban Aprili, huleta mawimbi makali. Kwa hivyo, miezi ya mwanzo wa mwaka ndiyo mwafaka kwa mgeni wa bahari. Kwa upande wa maziwa, tahadhari ni kubwa zaidi. Ziwa Victoria lina vimelea vya kichocho, na maziwa kadhaa yana viboko au mamba. Popote pale, mtu asiogelee peke yake, na ni vyema awe na kofia ya rangi inayoonekana kwa mbali na mashua ya kumsindikiza.

Baiskeli huchukua muda mrefu kuliko michezo mingine miwili katika siku ya shindano. Safari moja ndefu kila mwisho wa wiki, ya saa mbili hadi tatu kwa mwendo mwepesi, hujenga miguu bila kuiumiza. Huu pia ni wakati wa kumwona fundi ili arekebishe kimo cha kiti na umbali wa usukani, kwani baiskeli isiyomkaa mtu sawasawa huleta maumivu ya magoti na mgongo. Mnyororo, breki na tairi zilizolika hubadilishwa sasa. Barabarani, kofia ngumu, taa na mavazi ya kung'aa ni lazima. Ni heri kuondoka alfajiri siku ya Jumapili, wakati matatu na malori ni machache.

Kukimbia huleta majeraha mengi kwa sababu kila hatua hutikisa mifupa. Kilomita hupunguzwa mwanzoni, na njia ya udongo hupendelewa kuliko lami. Katika mwezi wa mwisho wa kipindi cha msingi, mwanamichezo huanza kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo kwa dakika 10 au 15. Zoezi hilo huizoesha miguu hali ya kuwa mizito, ambayo huwashangaza wageni wa mchezo huu.

Nguvu za mwili

Mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, kila mara dakika 30, huzuia majeraha. Hayahitaji vyuma vya bei ghali. Kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja, kuinua visigino, pushapu na mazoezi ya tumbo na mgongo yanaweza kufanyiwa nyumbani. Walio na zaidi ya miaka 40 wanayahitaji zaidi, kwani misuli hupungua kadiri umri unavyosonga.

Mfano wa ratiba ya wiki katika kipindi cha msingi ni huu:

Jumatatu: mapumziko.
Jumanne: kuogelea dakika 45, mazoezi ya viungo dakika 30.
Jumatano: baiskeli saa moja.
Alhamisi: kuogelea dakika 45, kukimbia dakika 35.
Ijumaa: mazoezi ya viungo dakika 30.
Jumamosi: baiskeli saa mbili.
Jumapili: kukimbia saa moja.

Jumla ni takriban saa saba. Anayeweza kupata nafasi ya tatu ya kuogelea huiongeza bila kugusa siku ya mapumziko. Mwenye kazi ya zamu au watoto wachanga anaweza kupunguza hadi saa tano bila madhara makubwa, mradi asiruke wiki nzima.

Chakula na usingizi

Mwili unaofanya kazi chache huhitaji chakula kidogo zaidi, lakini kujinyima ni hatari. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha onyo kuhusu wanamichezo wasiokula kiasi kinacholingana na mazoezi yao. Matokeo yake ni mifupa kudhoofika, magonjwa ya mara kwa mara na, kwa wanawake, hedhi kukatika. Mwanamke ambaye hedhi yake imesimama kwa sababu ya mazoezi anafaa kumwona daktari wala asiichukulie kuwa dalili ya ukakamavu.

Vyakula vya kawaida vinatosha: ugali, viazi vitamu, githeri, ndengu, mayai, omena, maziwa, mboga na matunda. Uji au ndizi vyafaa kabla ya safari ndefu ya baiskeli. Vidonge na poda za kuongeza nguvu vina hatari yake, kwani katika kanuni za kupambana na matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku, mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama hakijaandikwa kwenye mkebe.

Usingizi wa saa saba hadi tisa ndio dawa isiyonunuliwa. Dalili ya mvua ni mawingu: mpigo wa moyo wa asubuhi ukipanda kwa siku kadhaa mfululizo, usingizi ukipotea, mafua yakirudi kila mara na hamu ya mazoezi ikaisha, mwili umechoka kupita kiasi. Anayeziona dalili hizo hupunguza mazoezi mara moja, wala hasubiri kuumia.

Kupima maendeleo

Kila baada ya wiki sita, mwanamichezo hujipima kwa kuogelea mita 400, kuendesha baiskeli kwa dakika 20 na kukimbia kilomita tano, kila jaribio siku yake, kisha huyaandika matokeo. Kielelezo bora zaidi ni kukimbia njia ile ile kwa mpigo ule ule wa moyo. Muda ukipungua, msingi unaimarika.

Anayelenga shindano la mwezi Agosti hupumzika Septemba, hujenga msingi kati ya Oktoba na Januari, huongeza milima na nguvu kuanzia Februari hadi Aprili, na huanza mazoezi ya kasi ya shindano Mei. Wiki mbili za mwisho hupunguza kazi ili afike akiwa na nguvu tele. Ada ya usajili, nauli na likizo ya kazini hupangwa mapema vilevile, kwani wengi hukwama hapo wakati miili yao iko tayari.