Jiko la Vigae na Uhaba wa Kuni Uswidi

Sote tuliopita shule hii, na ninyi mliopo sasa, twaijua kazi ya kuni. Lakini ni wachache wanaofikiri kwamba jiko nalo lina historia, na kwamba serikali iliwahi kulishughulikia kama jambo la taifa.

Mwaka 1767 serikali ya Uswidi iliwapa Carl Johan Cronstedt, msanifu wa majengo, na Fabian Wrede kazi ya kubuni jiko la kupasha nyumba joto kwa kuni chache. Nchi ile ina misitu mikubwa, lakini viwanda vyake vya chuma vilikula mkaa bila kushiba, na baridi ya miezi mingi ilidai sehemu yake. Mimi niliyezoea mafaili nimevutiwa na jambo moja: wakubwa wale walitafuta ufundi badala ya kuwahubiria watu wavumilie baridi.

Zamani joto jingi lilitoka nje pamoja na moshi. Mabwana hawa waliurefushia moshi njia. Ndani ya jiko walijenga vijia vya matofali, moshi ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, na kila ulipopita uliacha joto lake ukutani. Moto huwashwa mkali kwa muda mfupi. Makaa yakishazimika, bomba hufungwa, na jiko huendelea kutoa joto kwa saa nyingi. Ole wake afungaye mapema! Makaa yangali hai hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Mwaka 1775 Cronstedt alichapisha maelezo ya majiko hayo.

Hata hivyo, jiko zuri halisaidii kitu kwa kuni mbichi. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hupoteza nguvu kuyachemsha. Kwa hiyo wenyeji hukata miti wakati wa baridi, hupasua magogo mapema kwa kuwa gome huzuia maji kutoka, kisha hupanga kuni juu ya magogo mawili, mbali na ardhi, paa juu, ubavu wazi upepo upite. Wale wa zamu ya kuni waliozirundika penye umande watakumbuka maharage yalichelewa kiasi gani.

Majiko hayo ya vigae yangali yakiwashwa katika baadhi ya nyumba za zamani mjini Stockholm.