Malezi ya Roho katika Skuli zetu: Kutoka Jumba la Kabaka hadi Kibuli



Akiulizwa mtu ni wapi ilipoanza skuli ya Waislamu katika Uganda, aghalabu hutaja jengo. Lakini skuli ya kwanza haikuwa na jengo lake. Ilikuwa ndani ya jumba la Kabaka, na wanafunzi wake ni vijana watumishi ambao Waganda huwaita bagalagala. Mwaka 1844, katika enzi ya Kabaka Suna II, alifika Buganda mfanya biashara Ahmed bin Ibrahim, naye akaitaja dini mbele ya mfalme. Kabaka Mutesa I, mwana wa Suna, akafunga Ramadhani mwaka 1867, akasoma Kiarabu, akaamuru watu wasali. Vijana wakajifunza kusoma na kusali humo humo kazini mwao.

Je, mafundisho yale yaliingia ndani, au yalikuwa utiifu kwa amri tu? Jawabu lilidhihirika mwaka 1876. Walimu waliotoka upande wa Misri walisema wazi kwamba haifai mtu asiyetahiriwa kuwasalisha watu. Vijana wakalishika neno hilo. Wakakataa kusali nyuma ya Kabaka, wakakataa na nyama iliyochinjwa jumbani. Yapata vijana 70 wakauawa Namugongo, miaka kumi kabla ya Wakristo waliouawa pale pale mwaka 1886. Yule aliyewaamuru kusali ndiye aliyewaua, nao hawakuiacha sala.

Ulipokuja utawala wa Waingereza, skuli zilikuwa mikononi mwa wamishoni. Mzazi Mwislamu alichagua baina ya mambo mawili mazito: mwanawe asisome, ama asome naye huenda akabatizwa na kupewa jina jingine. Wengi wakawaweka watoto nyumbani, na kwa hiyo tukachelewa sana. Mimi siwalaumu wazazi wale.

Aliyeifungua njia kwa bidii kubwa ni marehemu Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, aliyetoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli. Msikiti wa Kibuli ulifunguliwa mwaka 1951, na skuli ya sekondari ikaanzishwa mwaka 1959, chini ya juhudi za Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda. Angalieni hekima ya mpango ule: msikiti na madarasa katika kilima kimoja, hata adhana ikisomwa mwanafunzi aisikie akiwa na kalamu mkononi.

Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1963, na Serikali ikashika madaraka ya skuli za madhehebu yote zilizopokea msaada wake. Jumuiya ikabaki na jina na kilima, bali waalimu wakawa wanapelekwa na Serikali, wa dini hii na ile, na wanafunzi vivyo hivyo. Hapa ndipo penye shida yetu mpaka leo. Tumewapangia wanafunzi sala ya Ijumaa na darasa la dini, tukamsahau mwalimu. Kijana afundishaye hesabu huja kutoka mbali, akapanga chumba peke yake, na hapana amwulizaye hali ya moyo wake hata muhula ukaisha. Kisha twataka awalee watoto wetu!

Na mwalimu au mwanafunzi asiyekuwa Mwislamu naye ana haki yake kwetu. Sisi tuliolia watoto wetu walipobadilishwa majina hatuwezi kumwonea mtoto wa jirani. Atendewe kwa adabu, apewe nafasi ya ibada yake, na mwalimu wake azungumze naye kama mzazi.

Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, nacho tangu mwanzo kikawaandaa waalimu, na mlango wake u wazi kwa watu wa dini nyingine. Vijana wanaotoka huko hupelekwa skulini kila mwaka, na baadhi yao huja katika skuli zetu za hapa Kampala. Kamati ya kila skuli yaweza kuanza nao hao: kuwakaribisha siku ya kwanza, na kuwatafutia mzee mmoja wa msikiti wa kuwatembelea.