Pseudomonas ADP

Pseudomonas ADP ni bakteria wa udongoni anayevunja atrazini, kiuamagugu kinachotumiwa sana katika mashamba ya mahindi, mtama na miwa, na ambacho hupenya hadi maji ya ardhini. Alitengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kutoka udongo uliomwagikiwa dawa hiyo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1995.

Bakteria huyu huitumia atrazini kama chanzo cha nitrojeni. Hatua iliyo muhimu kuliko zote ni ya kwanza: kimeng'enya AtzA huondoa atomu ya klorini, na dawa hupoteza uwezo wake wa kuua magugu. Vimeng'enya vingine huendeleza kazi hadi kubaki kaboni dioksidi na amonia. Jeni za vimeng'enya hivi zimo katika plasmidi, kipande cha DNA kinachoweza kuhamia bakteria wengine.

Penye mbolea nyingi ya nitrojeni uvunjaji huu hupungua. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Dakota Kusini, ambako udongo wenye atrazini ulitiwa bakteria wa maabara waliobeba AtzA, wakiwa wameuawa kwanza ili wasienee.