John Gagliardi

John Gagliardi (1 Novemba 1926 – 7 Oktoba 2018) alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani kutoka nchini Marekani. Alifundisha timu za vyuo kwa misimu 64, kuanzia mwaka 1949 hadi 2012, na misimu 60 kati ya hiyo aliitumikia katika Chuo Kikuu cha Saint John's, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Collegeville, jimbo la Minnesota. Alimaliza kazi akiwa na ushindi 489, kushindwa mara 138 na sare 11, hivyo akawa kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko mwingine yeyote katika historia ya futiboli ya vyuo. Anakumbukwa pia kwa kuondoa katika mazoezi mambo mengi ambayo makocha wenzake waliyaona ya lazima.

Maisha ya awali

Gagliardi alizaliwa Trinidad, mji wa machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa jimbo la Colorado. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Italia. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kocha wa shule yake ya sekondari aliitwa jeshini, na uongozi wa shule ukafikiria kuivunja timu. Gagliardi, aliyekuwa na umri wa miaka 16 na nahodha wa timu hiyo, aliomba aruhusiwe kuwafundisha wenzake huku yeye mwenyewe akiendelea kucheza. Akakubaliwa.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufuta yale ambayo wachezaji waliyachukia. Siku hizo makocha wengi waliamini kwamba kunywa maji wakati wa mazoezi kunamdhoofisha mchezaji; Gagliardi aliwaruhusu wenzake kunywa. Alipunguza pia mazoezi ya viungo yaliyowachosha bila kuwafundisha mchezo wenyewe. Timu ilishinda, naye akaendelea kufundisha sekondari huku akisoma Colorado College, alikohitimu mwaka 1949.

Kazi katika vyuo

Mwaka 1949 aliajiriwa na Carroll College, chuo cha Kikatoliki mjini Helena, jimbo la Montana. Katika misimu minne alishinda mechi 24, akashindwa 6 na kutoka sare 1.

Mwaka 1953 alihamia Saint John's, chuo kilichoanzishwa na watawa Wabenedikto, kuchukua nafasi ya Johnny McNally, mchezaji wa zamani wa Green Bay Packers. Hakuhama tena. Katika miaka yake ya mwanzo chuoni hapo alifundisha pia timu ya hoki ya barafu.

Chini yake Saint John's ilitwaa ubingwa wa kitaifa mara nne:

- 1963 (NAIA): iliifunga Prairie View 33–27
- 1965 (NAIA): iliifunga Linfield 33–0
- 1976 (NCAA, Daraja la Tatu): iliifunga Towson State 31–28
- 2003 (NCAA, Daraja la Tatu): iliifunga Mount Union 24–6

NAIA na NCAA ni vyama vinavyosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani. Daraja la Tatu la NCAA ni la vyuo visivyoruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kwa hiyo, tofauti na vyuo vikubwa ambavyo huwavuta vijana wenye vipaji kwa kuwalipia ada, Gagliardi aliwategemea wanafunzi waliokuja kwanza kusoma.

Mbinu za kufundisha

Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa nguvu ambao mchezaji huruhusiwa kumkumba mwenye mpira na kumwangusha chini. Kwa miaka mingi mazoezi yake yaliendeshwa kwa ukali unaofanana na ule wa jeshi. Gagliardi alikwenda kinyume na desturi hiyo, na orodha ya makatazo yake ilijulikana sana:

- hakuna kuangushana wakati wa mazoezi
- hakuna filimbi
- hakuna mashine za chuma za kusukumwa na wachezaji
- hakuna mazoezi yanayozidi dakika 90
- hakuna kumwondoa kikosini mwanafunzi anayetaka kucheza
- hakuna kumwita „kocha‟. Wachezaji walimwita John

Makatazo hayo hayakuwa ulegevu. Gagliardi aliona kwamba mchezaji anayeumia mazoezini hawezi kuisaidia timu siku ya mechi, na kwamba kuangusha ni jambo ambalo mchezaji hulijua tayari. Muda uliookolewa ulitumika kurudia mipango ya mchezo hadi kila mmoja ajue mahali pa kusimama na la kufanya. Matokeo yalionekana uwanjani: mwaka 1993 timu yake ilipata wastani wa pointi 61.5 kwa mechi.

Rekodi na heshima

Tarehe 8 Novemba 2003, Saint John's iliifunga Bethel 29–26. Huo ulikuwa ushindi wa 409 wa Gagliardi, na kwa huo alimpita Eddie Robinson wa Grambling State, aliyekuwa na ushindi 408. Mwezi uliofuata aliongeza ubingwa wa nne, akiikomesha Mount Union iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo.

Tangu mwaka 1993 mchezaji bora wa Daraja la Tatu hupewa tuzo yenye jina lake, Gagliardi Trophy. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Futiboli ya Vyuo akiwa bado kazini.

Kustaafu na kifo

Gagliardi alitangaza kustaafu mwezi Novemba 2012, akiwa na umri wa miaka 86. Nafasi yake ilichukuliwa na Gary Fasching, aliyekuwa msaidizi wake. Alifariki dunia tarehe 7 Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 91.

Umuhimu wake

Kwa muda mrefu mbinu za Gagliardi zilionekana kuwa za ajabu, zinazofaa chuo kidogo tu. Mtazamo huo ulianza kubadilika pale madhara ya kugongwa kichwa mara kwa mara yalipojulikana zaidi. Mwaka 2010 chuo cha Dartmouth kiliacha kuangushana mazoezini, na mwaka 2016 makocha wa vyuo vya Ivy League, ambamo Dartmouth imo, walikubaliana kuachana na zoezi hilo wakati wa msimu wa mechi. Huko Collegeville jambo hilo lilikuwa la kawaida kwa zaidi ya nusu karne.