Maghorofa ya Kisii

Maghorofa ya Kisii ni majengo ya makazi na biashara yaliyoubadilisha mji wa Kisii, makao makuu ya kaunti yenye jina hilohilo kusini magharibi mwa Kenya, kutoka kituo cha soko chenye nyumba za mabati hadi mji wa orofa tano, sita na zaidi. Ujenzi wa namna hiyo umeenea pia Suneka, Keroka na mji wa Nyamira katika kaunti jirani. Baadhi ya miji ya Afrika Mashariki iliyopanda juu imefanya hivyo ikitazama maji: Mombasa na bahari yake, Kisumu na Ziwa Viktoria. Kisii haina ufuo. Iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kisumu kwa njia ya Ahero, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na maji yake makubwa mjini ni kijito cha Nyakomisaro kinachopita bondeni. Kilichoisukuma juu ni uhaba wa ardhi.

Boma la kikoloni lilianzishwa hapa mwaka 1907, na mwaka uliofuata Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, G. A. S. Northcote, tukio lililoleta msafara wa kuwaadhibu Abagusii, watu wa eneo hili. Mji uliozaliwa katika mazingira hayo, ambao wenyeji huuita Getembe au Bosongo, ulipangwa kwa ajili ya ofisi chache, maduka ya Wahindi na soko. Mitaa ya katikati bado ina upana wa mji wa aina hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 112,417 mjini, na siku ya soko la Daraja Mbili huongezeka maelfu wasiolala hapo.

Nje ya mji hali ni ya kubanana zaidi kuliko mgeni anavyotarajia kijijini. Sensa hiyohiyo iliipa kaunti ya Kisii watu 1,266,860, yaani karibu 960 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira watu 605,576. Shamba la Kigusii kwa desturi lilikuwa ukanda ulioshuka kutoka kilele cha kilima hadi kijitoni, ili kila familia ipate malisho, udongo wa mahindi na maji. Kadiri wana walivyorithi, ukanda uligawanywa kwa urefu, ukawa mwembamba zaidi kila kizazi. Shamba la namna hiyo pembezoni mwa mji linapouzwa, ploti inayopatikana huwa na uso mfupi barabarani na mgongo mrefu kuelekea bonde. Mwenye ploti hiyo hawezi kupanuka kushoto wala kulia. Anapanda.

Mteremko nao huamua sura ya jengo. Ghorofa linaloonekana la orofa nne ukisimama barabarani huenda likawa na sita ukilitazama kutoka bondeni, kwa sababu orofa mbili za chini zimechimbiwa ubavuni mwa kilima. Orofa hizo za nyuma hupangishwa kwa bei nafuu, na mara nyingi hukosa mwanga. Kilima hukatwa wima, kisha hujengwa ukuta wa kuzuia udongo mwekundu, ambao katika nchi yenye mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka hulowa vizuri. Ukuta huo ndio sehemu ya kazi ambayo mwenye pesa chache hushawishika kuipunguza, na ni kosa baya, kwani jirani wa juu anategemea ukuta wa jirani wa chini.

Wajenzi wakuu si makampuni wala serikali. Hapa Kisii inatofautiana kabisa na Michenzani ya Zanzibar, ambako majengo marefu ya makazi yalipangwa na serikali ya mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Ghorofa la Kisii kwa kawaida ni mali ya mtu mmoja au familia moja: mfanyabiashara, mwalimu aliyekopa kwenye sako (chama cha akiba na mikopo), mwenye matatu, au mtoto wa nyumbani aliyeko ughaibuni, hasa Minnesota nchini Marekani, ambako kuna jamii kubwa ya Abagusii. Majani chai ya Nyamira na ndizi za Kisii nazo zina sehemu yao katika majengo hayo. Kwa kuwa pesa huja kwa vipindi, jengo hukua kwa vipindi: orofa mbili humalizwa na kupangishwa, nondo huachwa zimesimama juu ya slabu, na kodi ya walioko chini husaidia kununulia saruji ya walio juu. Slabu mpya hushikiliwa na fito za mikaratusi, mti uliojaa vilima hivi hadi ukalaumiwa kwa kukausha chemchemi.

Matumizi ya jengo hufuata orofa. Chini ni maduka na hoteli. Juu yake ofisi, kliniki, chuo kidogo au kanisa. Kisha bedsita na nyumba za chumba kimoja au viwili. Wapangaji waliongezeka ghafla mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Kisii kilipopata hati mwezi Februari na serikali za kaunti zilipoanza kazi mwezi Machi. Wanafunzi, makarani wa kaunti na wahudumu wa hospitali ya rufaa walihitaji vyumba karibu na kazi, na wamiliki waliitikia upesi kuliko mipango ya mji ilivyoweza.

Huduma hazikupanda pamoja na majengo. Maji ya mji hutegemea mto Gucha, yakisafishwa Kegati, na msukumo wake hauwafikii daima wakaaji wa juu. Ndiyo maana paa la kila ghorofa lina matangi meusi, na bei ya mtungi wa maji hupanda pamoja na ngazi. Maji taka hupelekwa Suneka, lakini si kila jengo limeunganishwa na bomba. Yaliyobaki hutumia mashimo, na Nyakomisaro, iliyobanwa na kuta pande zote mbili, hupokea kinachofurika.

Usalama ndio uliozua mjadala mkali zaidi. Aprili 2016 jengo la orofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua karibu watu 50. Septemba mwaka huohuo jengo lililokuwa bado linajengwa mjini Kisii likaanguka na kuua watu kadhaa. Sheria hazikukosekana: Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya 2011, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inaiachia kaunti kazi ya kutoa vibali. Udhaifu uko katika ule ujenzi wa vipindi. Kibali hutolewa kwa mchoro mmoja, ilhali orofa za ziada huja miaka baadaye, fundi akiwa mwingine na nguzo zikiwa zilezile. Mkaguzi anayefika siku ya msingi tu hajakagua jengo la Kisii.

Nyamira inafuata njia hiyo kwa mwendo wa pole, na bado ina ardhi wazi kuzunguka makao yake makuu. Keroka ina tatizo la pekee: mpaka wa kaunti mbili unapita katikati ya mji, na kaunti hizo zimegombania ushuru wake kwa miaka. Huko mwenye ploti upande mmoja huomba kibali cha ghorofa Kisii, na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka huomba Nyamira.