Vita Vikiisha, Askari wa Tabora Alirudi Wapi?

Ukishika barabara ya Nzega kutoka Tabora mjini unafika Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Jina la Uyui lilijulikana zamani na kila msafara uliopita kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Nchi hii ilitoa wapagazi, na ilitoa askari pia: kwa watemi, kwa Mjerumani, kwa Mwingereza, na mwisho kwa jamhuri. Kila jeshi lilijua namna ya kumchukua kijana. Kumrudisha mahali penye paa lake mwenyewe ni kazi ambayo karibu wote waliiachia ukoo wake.

Tuanze na rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo wa Urambo. Wengi wao walikuwa vijana wasio na kwao: mateka wa vita, watoro, wapagazi walioachana na misafara. Mirambo aliwapa bunduki, chakula, wake, na mahali pa kukaa chini ya ulinzi wake. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884 na nguvu ya dola yake ikaanza kumomonyoka. Makazi ya rugaruga yalikuwa yamefungwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwapo tena. Miaka michache baadaye Wajerumani walipoingia Unyamwezi, hawakupata shida kuwakuta watu wa kuwabebea bunduki.

Mjerumani naye alimweka askari wake karibu na boma, pamoja na mke, watoto na vijana wa kumtumikia. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa mpagazi. Lakini nyumba ile ilikuwa ya kazi. Askari akiacha kazi, anaiacha nyumba.

Vita Kuu ilipofika, hata mshahara ukageuka ahadi. Sarafu za kutoka Ujerumani hazikuweza tena kufika, kwa hiyo mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli walitengeneza fedha hapa hapa Tabora: sarafu za heller za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Fedha nyingine ilikuwa karatasi iliyochapishwa haraka haraka. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, baada ya mapigano makali ya Itaga na Lulanguru. Aliyekuwa ameficha akiba ya noti kwenye tembe lake alibaki na karatasi tu.

Wale waliomfuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hadi Msumbiji na kurudi walisalimu amri katika mji wa Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kamanda huyo aliagiza kila askari na mpagazi apewe cheti cha kiasi anachodai, kwa maana sanduku la fedha lilikuwa tupu. Askari wakapelekwa kambini Tabora kungoja kurudishwa makwao. Hebu mfikirie mtu aliyetembea miaka minne, kijiji chake kimepitiwa na majeshi mawili yaliyochukua chakula na vijana, naye mkononi ana kipande cha karatasi. Hicho ndicho kiinua mgongo chake.

Askari mwingine aliamua kuifuata haki yake hadi ilikotoka. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia vitani akiwa mtoto pamoja na baba yake, naye akajeruhiwa. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao wawili. Wizara ya mambo ya nje ikamjibu kwamba amechelewa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mikahawa, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili. Wanazi walimkamata, na akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyokaa Berlin sasa kuna kibao kidogo cha shaba chenye jina lake. Naona uchungu kwamba anwani yake tunayoikumbuka zaidi iko kwenye lami ya mji ule.

Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliobaki hai mwaka 1964, miaka 46 baada ya Abercorn. Wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti vyao. Wengine walikuja na mabaki ya sare. Kinachosimuliwa ni kwamba mlipaji, akiwa hana namna ya kuwatambua, alimpa kila asiye na cheti ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki. Hakuna mzee aliyekosea. Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya uaminifu wao. Mimi nakisoma kama hesabu: mtu aliyekuwa na miaka 25 vita vilipokwisha alikuwa na zaidi ya 70 siku ile, na nyumba ilibidi ijengwe wakati mgongo bado una nguvu.

Mwingereza hakufanya vizuri zaidi. Nchini Kenya, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia ardhi wanajeshi wa kizungu, ikiwamo ardhi ya Wanandi, ambao vijana wao walikuwa wamepigana ndani ya Keya, jeshi la huyo huyo Mwingereza. Katika Vita vya Pili Tanganyika ilitoa watu wapatao 87,000, na wengi walifika Burma. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo ya kuachishwa jeshi yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika wakati mwingine akipata theluthi tu ya alichopata mzungu wa cheo kilekile. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kuwasaidia wakongwe wa Jumuiya ya Madola walio fukara. Ziliwakuta wazee wa zaidi ya miaka 90.

Kwa nini basi mitaa ya Tabora haikujaa askari wasio na makazi? Kwa sababu mtu aliyerudi Unyamwezi alikwenda kwa mwanangwa wa kijiji, akaonyeshwa pori la kufyeka, ndugu wakamsaidia kujenga. Bima ilikuwa ukoo na ardhi. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na siku hizi kiwanja kilichopimwa kinanunuliwa. Mwanajeshi anaishi kambini miaka mingi, anahamishwa Ngerengere, Monduli, Songea, na siku ya kustaafu anakabidhi funguo. Kiinua mgongo kikiingia mara moja, ada za shule, madeni na ndugu hukimaliza kabla ya msingi kumwagwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaruhusu halmashauri ya kijiji kumpa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila. Wilaya kama Uyui ina vijiji vingi na ardhi ya kutosha kuanza. Jeshi na halmashauri wakikaa meza moja, mwanajeshi mwenye miaka kumi kazini angeweza kuomba eneo lake, kupimiwa, na kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kwa ajili ya mabati na saruji. Hati hiyo iandikwe jina lake na la mwenza wake, ili akifa kazini mjane asifukuzwe kambini akiwa hana pa kupeleka watoto.